UZI: Milos, Ugiriki – chagua ufukwe wa kuogelea kwa upepo, usichague kwa picha

MsafiriWaEgea (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila kiangazi cha Ulaya kikikaribia, swali ni lile lile: "Nakwenda visiwa vya Ugiriki, ufukwe gani mzuri?" Majibu yanayofuata huwa ni picha tupu. Picha haikwambii maji yatakuwaje siku utakayofika, na Milos ni kisiwa ambacho ufukwe wa kupendeza Jumatatu unaweza kuwa haufai hata kuchovya mguu Jumatano. Nimeona tuweke uzi mmoja, tuueleze vizuri.

Kwanza ijueni sura ya kisiwa. Milos ni volkeno ya zamani, imejipinda kama kwato ya farasi, katikati kuna ghuba kubwa ambayo mdomo wake umeelekea kaskazini-magharibi. Bandari ya Adamas iko ndani ya ghuba hiyo. Fukwe zake ni zaidi ya 70, na kwa mwogeleaji zinagawanyika mafungu matatu: za kaskazini (Sarakiniko, Mandrakia, Firopotamos, Alogomandra), za kusini (Provatas, Firiplaka, Tsigrado, Agia Kyriaki, Paleochori), na zile za ndani ya ghuba (Papikinou, Lagada, Hivadolimni).

Sasa upepo. Kiangazi chote bwana mkubwa wa Bahari ya Egea ni meltemi. Unavuma kutoka kaskazini, unashika zaidi Julai na Agosti, na ukishaanza unaweza kukaa siku 3 hadi 6 bila kupumzika. Chanzo chake ni mgandamizo mkubwa wa hewa upande wa Balkani na mdogo upande wa Uturuki, hewa inakimbia katikati yake. Mtu wa pwani yetu ataukosea kirahisi, kwa sababu meltemi ni upepo mkavu: anga inakuwa safi, jua kali, hakuna hata wingu. Unafungua dirisha la hoteli Adamas unaona siku njema, unafika Sarakiniko unakuta mawimbi yanapanda juu ya mwamba.

Kanuni yenyewe ni fupi: upepo ukitoka kaskazini, nenda kusini. Ukitoka kusini, nenda kaskazini. Upepo wa kusini ni nadra katikati ya kiangazi, lakini majira ya kuchipua na ya vuli unakuja, na hapo mambo hugeuka kabisa: Paleochori inachafuka, Sarakiniko inatulia kama maji ya mtungini.

Usiku kabla ya kulala fungua utabiri, ama wa EMY, yaani idara ya hali ya hewa ya Ugiriki, ama meteo.gr, ama Windy. Tazama mwelekeo kwanza, nguvu baadaye. Wagiriki wanapima kwa Bofoti, yaani ngazi za nguvu ya upepo. Bofoti 3 na chini yake nenda popote. Bofoti 4, yaani kilomita 20 hadi 28 kwa saa, kaskazini kunaanza kukera. Bofoti 5 na kuendelea, kaskazini ni kwa kupiga picha tu. Tazama pia saa: meltemi mara nyingi hupanda kuanzia saa 5 asubuhi na hufika kileleni alasiri. Ndiyo maana ufukwe wa kaskazini unaweza kufaa saa 2 asubuhi na usifae saa 8 mchana wa siku hiyo hiyo.

Karibuni muongeze.

---

Bi_Kizimkazi

Ahsante kwa uzi. Naomba uniweke sawa jambo moja kabla hatujaenda mbali. Sisi huku tunapanga kuogelea kwa maji kujaa na kupwa. Huko mtu anaangalia ratiba ya maji wapi?

---

MsafiriWaEgea

Dada Bi_Kizimkazi, huko ratiba hiyo haina kazi. Bamvua la Unguja linafika karibu mita 4, Egea tofauti ya maji kujaa na kupwa ni sentimita kadhaa tu. Kina utakachokikuta saa 3 asubuhi ndicho utakachokikuta saa 10 jioni. Hakuna kutembea kilomita nzima kufuata maji, wala hakuna kukimbizwa na maji yanayojaa.

Ila ina madhara yake. Kwa vile maji hayashuki, ule mstari ambapo maji yanagusa mwamba unabaki na unyevu mwaka mzima, na mwani mfupi wa kijani unaota hapo hapo. Ni utelezi mtupu. Mtu haanguki ndani ya maji wala haanguki juu ya mwamba mkavu. Anaanguka kwenye ule utepe wa upana wa kiganja au viwili katikati. Ukishuka mwambani, kaa kitako, shusha miguu, ingia kwa makalio. Usishuke umesimama.

Tofauti mbili nyingine. Chumvi: Egea ya kusini ina gramu karibu 39 kwa lita, yetu ni kama 35. Utaelea kidogo zaidi, macho yatawasha zaidi, kwa hiyo miwani ya kuogelea si pambo. Na baridi: mwezi Juni maji ni nyuzi 21 au 22 hivi, Agosti na Septemba 24 hadi 25. Aliyezoea bahari ya Hindi ataona baridi hata Agosti. Kwa mtoto mwembamba, dakika 20 ndani halafu atoke akaushwe. Midomo ikianza kubadilika rangi, mmeshachelewa.

---

NahodhaMstaafu

Mkuu umeeleza vizuri, lakini umeacha jambo ambalo ndilo hatari kuliko yote, na naomba kila mwenye watoto alisome.

Umesema meltemi ukivuma nendeni kusini. Sawa. Kusini maji ya ufukweni yanakuwa laini kama mafuta, kwa sababu upepo unatoka nchi kavu kwenda baharini, wimbi halipati nafasi ya kukua karibu na ufukwe. Watu wanaona utulivu, wanatoa magodoro ya kujazwa upepo na maboya ya watoto yenye sura ya bata. Upepo ule ule uliolaza maji unalisukuma godoro kwenda nje. Mita 30 za mwanzo huhisi kitu. Ukishatoka kwenye kivuli cha majabali, upepo kamili unakukamata, na mbele yako hakuna kisiwa cha karibu, ni bahari wazi hadi Krete.

Kwa hiyo, siku ya meltemi kwenye ufukwe wa kusini, kitu chochote cha kujazwa upepo kikae mchangani. Kama lazima, kifungwe kamba na kamba ishikwe na mtu mzima aliyesimama chini kwa miguu yake. Mpira ukipeperuka, uache uende. Wengi wanaopata taabu ni wale wanaoufuata. Na kama mtu ameshachukuliwa akiwa juu ya godoro, asiruke kujaribu kuogelea kurudi kinyume cha upepo. Alale kifudifudi ili upepo usipate pa kumsukuma, ashikilie, apunge mkono. Aliye ufukweni apige 112, au 108 ambayo ni ya walinzi wa pwani. Fukwe nyingi za Milos hazina mwokoaji, msitegemee filimbi.

Mnapima vipi upepo unaotoka nchi kavu? Rusha kiganja cha mchanga mkavu juu ukiwa umesimama kwenye ukingo wa maji. Mchanga ukienda baharini, mmepata jibu.

---

MsafiriWaEgea

Shukrani Nahodha, nimekosea kutoliweka kwenye bandiko la kwanza. Nimelibandika kiungo chake juu.

---

Tanga_Raha

Wadau, sisi tunakwenda katikati ya Julai, watu wazima wanne na watoto watatu, wawili hawajui kuogelea. Tutakaa Adamas. Tupelekeni ufukwe kwa ufukwe. Na gari ni lazima?

---

MsafiriWaEgea

Kwa watoto wasiojua kuogelea kipimo changu ni hiki: mtu mzima aingie hatua 20 kutoka ukingoni. Kama maji bado hayajapita kiuno, ufukwe unafaa. Kama hatua ya 6 tayari kifuani, hamisha familia.

Provatas ndiyo ya kwanza kwenu. Iko kusini, mchanga laini, maji yanashuka taratibu, barabara ya lami hadi chini. Firiplaka ni ya pili, ndefu, mchanga uliochanganyika na changarawe ndogo, nyuma yake majabali ya rangi nyekundu, manjano na kijivu. Maji yake hayana kina kwa hatua kadhaa nzuri. Hiyo ndiyo wengi wanaitaja kuwa bora ya kisiwa, nami nakubaliana nao, kwa sharti kwamba hamlali chini ya jabali. Nitarudi kwenye hilo.

Papikinou iko Adamas penyewe, mnatembea kwa miguu. Si ya kupigiwa picha. Lakini ina miti ya tamariski yenye majani membamba, mtu wa pwani ataikumbuka mvinje, kwa hiyo kuna kivuli cha bure, na upepo wa kaskazini unazuiwa na nchi. Kwa siku mliyochoka ni nzuri kuliko kubeba watoto umbali mrefu.

Hivadolimni msiipangie siku ya meltemi. Iko ndani ya ghuba ndiyo, lakini imeelekea kaskazini na ghuba ina upana wa kutosha kukuza wimbi. Waendesha mbao za tanga wanaipenda kwa sababu hiyo hiyo. Siku tulivu, basi, maji yake ni mafupi na ni pana, watoto watafurahi.

Gari: basi la KTEL, yaani mabasi ya abiria ya huko, linatoka Adamas kwenda Plaka, Pollonia, Paleochori na Provatas wakati wa kiangazi. Mnaweza kuishi bila gari kwa mpango huo. Firiplaka ni rahisi zaidi kwa gari. Mwenye leseni ya Tanzania au Kenya achukue na kibali cha kimataifa cha kuendesha kabla ya kusafiri. Na someni mkataba wa gari: kampuni nyingi hazifidii uharibifu kwenye njia za vumbi za upande wa magharibi wa kisiwa. Tairi likipasuka huko ni juu yenu, na gari la kuvuta pia ni juu yenu.

---

Mchimba_Mawe

Naongeza upande wa miamba, maana ndiyo inayoua kimya kimya.

Majabali ya Milos si mawe kama matumbawe yetu wala si zege. Mengi ni majivu ya volkeno yaliyogandamana pamoja na lile jiwe jepesi la kusugulia visigino. Ukilikwaruza kwa ukucha linatoa unga. Nyeupe ya Sarakiniko ndiyo hiyo. Manjano ni salfa, nyekundu ni kutu ya chuma. Rangi zote hizo ni dalili kwamba mvuke na maji ya moto vilipita ndani ya mwamba kwa muda mrefu na kuulainisha. Kwa maneno mengine, jabali linalovutia zaidi kwa rangi mara nyingi ndilo legevu zaidi.

Kinachotokea ni hivi: chumvi inaingia kwenye vitundu, inakauka, inatanuka, inabanjua ganda. Mawimbi ya majira ya baridi yanakula mguu wa jabali. Kiangazi watu wanakuja, wanaona kivuli kizuri chini ya mwinamo saa 6 mchana, wanatandika taulo. Kabla ya kutandika, tazama chini, si juu. Mawe yaliyoanguka zamani yana pembe zilizolainika na rangi iliyofifia. Yaliyoanguka karibuni yana makali, na rangi ya ndani bado mbichi, nyeupe au chungwa kuliko jabali lenyewe. Na ukutani juu yake utaona kovu la rangi ile ile. Ukikuta hivyo, ondoka hapo hata kama watu 30 wamelala. Kaa karibu na maji kuliko jabali, kivuli lete mwenyewe kwa mwavuli.

Papafragas, lile pango lililobomoka paa upande wa kaskazini, ndilo mfano. Njia ya kushuka imefungwa kwa sababu ya mawe kuporomoka. Kwenye mitandao bado kuna video za watu wakishuka. Msiige.

---

Dada_wa_Mikindani

Kuna mtu ana maelezo ya Tsigrado? Nimeona ngazi na kamba, wengine wanasema ni rahisi, wengine wanasema usithubutu.

---

NahodhaMstaafu

Ni ufa ndani ya jabali, una kamba na ngazi mbili za mbao, chini kuna ghuba ndogo ya mchanga yenye maji ya bluu iliyopauka. Ugumu wenyewe si nguvu za mikono. Ni mchanga. Kila anayepanda kutoka kuogelea analeta mchanga mbichi kwenye vipandio, na wewe unayeshuka unakanyaga vidonge vya kuteleza. Kwa hiyo:

Shuka ukiwa umeuelekea mwamba, uso ndani, mgongo nje, kama unavyoshuka mnazi. Pangusa kila kipandio kwa wayo kabla ya kuweka uzito. Kamba ni ya kukuweka sawa usiyumbe, usininginie. Mzigo uwe mgongoni, mwembamba, mikono yote miwili mitupu. Mkoba wa begani unazunguka mbele na kukuziba usione mguu. Anayepanda apewe nafasi amalize, ndipo anayeshuka aanze. Msipishane ndani ya ufa.

Nenda kabla ya saa 4 asubuhi. Mchana foleni inajaa na watu wanaanza kusukumana.

Asiende mjamzito, mtoto wa kubebwa, wala mwenye goti bovu. Kwangu mimi pia asiende mtu yeyote siku ambayo upepo ni wa kusini, maana ghuba ni ndogo, wimbi likiingia linakula mchanga wote na ngazi ndiyo njia pekee ya kutokea.

---

Mchimba_Mawe

Nahodha, nakuheshimu, ila mimi ningekwenda mbali zaidi: Tsigrado haistahili. Ufa ule uko kwenye mwamba laini kama huo nilioeleza, na watu wanasimama foleni ndani yake. Firiplaka iko jirani kabisa, upande wa pili wa rasi, maji ni yale yale.

---

NahodhaMstaafu

Maji ni yale yale lakini ndani ya Tsigrado kuna vijipango na samaki kwenye kingo, na Firiplaka katikati ni mchanga mtupu. Mwenye miwani ya kuzamia ataona tofauti. Kwa familia ya Tanga_Raha nakubaliana nawe, wabaki Firiplaka. Kuna ziara za kayaki pia zinazoingia Tsigrado kwa upande wa bahari, ngazi huigusi.

---

Bi_Kizimkazi

Na Paleochori? Nasikia maji yanachemka.

---

MsafiriWaEgea

Hayachemki, yanatoa viputo. Chini ya mchanga kuna mvuke na gesi, nyingi ni kaboni dioksidi, na kidogo ni ile ya salfa yenye harufu ya yai viza. Ukivaa miwani na kuinamisha uso utaona nyuzi za viputo zikipanda kama shanga, na chini yake mchanga una madoa meupe au ya manjano. Weka kiganja juu ya doa bila kuchimba. Utahisi joto. Ukichimba sentimita kadhaa unaweza kuungua kweli, kwa hiyo mtoto mwenye koleo la kuchezea asiachwe kwenye doa la namna hiyo. Tembea kwa kuburuza nyayo polepole, ukihisi joto linapanda, geuka.

Pete na mikufu ya fedha ivueni kabla. Gesi ya salfa inaigeuza nyeusi. Na msijifungie kwenye shimo la mwamba lenye harufu kali. Kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa, inatulia chini, na mtoto aliyekaa chini ndiye anayeivuta kwanza.

Kwa kuogelea tu, Paleochori ni nzuri sana siku ya meltemi. Ina changarawe nyingi, na kina kinaingia haraka kuliko Provatas. Ndiyo maana sikuitaja kwa watoto. Agia Kyriaki jirani yake imetulia zaidi kwa watu.

---

Mama_Stara

Naomba nijibiwe bila kejeli. Tunaogelea na mavazi ya stara, suruali na gauni refu na mtandio. Kuna shida? Na kuna fukwe za watu wasiovaa nguo tuziepuke?

---

Dada_wa_Mikindani

Mama, hakuna sheria Ugiriki inayokataza vazi la stara ufukweni. Utatazamwa kidogo, basi.

La kuangalia ni kitambaa. Pamba ikilowa inakuwa nzito, inavuta miguu, na upepo wa meltemi ukiipata imelowa unatetemeka hadi jioni. Chukua vazi la kuogelea la stara la kitambaa chembamba kinachokauka upesi, gauni lifike magotini na liwe na kifungo cha kuliunganisha na suruali ili lisipande juu usoni ukiogelea. Mtandio uwe wa kuvaa kama kofia, si wa kuzungusha, ncha ndefu zinanasa. Ngazi za Tsigrado hapana kabisa kwa gauni.

Wasiovaa nguo huwa kwenye ncha za mbali za fukwe, hasa nyuma ya mwamba unaogawa ufukwe. Paleochori upande uliojitenga unajulikana kwa hilo. Kaeni sehemu ya katikati, penye mikahawa na watoto. Provatas na Papikinou ni za familia.

---

Tanga_Raha

Sarakiniko mmeitaja kama ya kuikwepa tu. Watoto wameiona kwenye picha, hawatanielewa nikiwaambia hatuendi.

---

MsafiriWaEgea

Wapelekeni, ila muijue ilivyo. Ni mwamba mweupe, si ufukwe wa mchanga. Kuna mfereji mwembamba wa bahari unaoingia ndani na kipande kidogo cha mchanga mwisho wake. Hapo ndipo watoto wachovye miguu, siku isiyo na upepo. Upepo wa kaskazini ukiwepo wimbi linaingia mferejini, linabanwa na kuta, linapanda juu kuliko lilivyokuwa nje, kisha linavuta kurudi. Mtu mzima anayejua kuogelea anashindwa kutoka.

Wanaoruka kutoka mwambani: kabla ya kuruka, mmoja aingie kwa kushuka na miwani, aangalie chini kuna nini. Na kila mtu aone kwa macho yake atatokea wapi. Kuruka ni rahisi, kupanda ukuta laini uliolowa hakuna pa kushika ndiyo kazi.

Kivuli hakuna. Weupe wa mwamba unarudisha jua kutoka chini, kwa hiyo losheni ipakwe chini ya kidevu, chini ya pua na nyuma ya magoti. Ngozi nyeusi nayo inaungua, na macho ya watoto yanauma usiku kama hawakuvaa miwani ya jua. Nendeni saa 1 asubuhi. Saa 3 muwe mnaondoka kwenda kusini.

---

Kijana_wa_Muscat

Kwa nini si Santorini? Safari yetu tayari tumelipia huko.

---

Mchimba_Mawe

Santorini inafaa, ila tabia yake ni tofauti. Upande wa magharibi, ule wa nyumba nyeupe, ni ukuta wa shimo la volkeno. Unashuka moja kwa moja kwenye kina kirefu. Hakuna ufukwe wa mchanga huko. Ammoudi, chini ya kijiji cha Oia, watu wanaogelea kutoka mwambani, ni kwa wanaojua.

Fukwe ziko mashariki na kusini, na mchanga ni mweusi. Rangi nyeusi inameza jua: kuanzia adhuhuri hamwezi kukanyaga bila viatu, na umbali wa kutoka kiti hadi majini unatosha kuunguza nyayo za mtoto. Perissa na Perivolos ni ukanda mmoja mrefu. Perissa inakingwa na mlima Mesa Vouno upande wa kaskazini, kwa hiyo siku ya meltemi iko salama kuliko Kamari iliyo upande wa pili wa mlima huo huo. Sehemu za Perissa na Kamari zina mabamba ya mwamba bapa chini ya maji pale pa kuingilia, yana utelezi mbaya. Tazama rangi: kama maji ya ukingoni ni meusi yenye mng'ao badala ya kijivu cha mchanga, sogea mita 20 kando. Watoto wadogo, Monolithos, maji mafupi, ila upepo unaifikia.

Red Beach karibu na Akrotiri, jabali jekundu, ndiyo ile ile habari ya mawe kuporomoka. Kuna mabango ya onyo. Itazameni kwa boti. Chemchemi za moto za Palea Kameni, kile kisiwa kidogo ndani ya shimo la volkeno, boti inasimama nje na unaogelea mwenyewe kwenye maji ya kina na baridi kabla ya kufika penye uvuguvugu. Asiyejua kuogelea abaki botini. Vazi jeupe litatoka na rangi ya kutu, haifutiki.

Na kwa kisiwa chochote cha huko: ardhi ikitikisika kwa nguvu mkiwa ufukweni, msisubiri tangazo. Pandeni juu, mbali na maji na mbali na majabali. Tetemeko la Amorgos, kisiwa kingine cha huko, la tarehe 9 Julai 1956 lilileta tsunami Egea. Mwanzoni mwa 2025 mitetemo ya kati ya Santorini na Amorgos iliwaondoa maelfu ya watu kisiwani kwa wiki kadhaa. Washeni tahadhari za dharura kwenye simu, ujumbe wa 112 unakuja na Kiingereza pia.

---

Tanga_Raha

Viti na miavuli, lazima kulipa? Tumeona bei zinatisha.

---

Dada_wa_Mikindani

Si lazima. Ufukwe wa Ugiriki ni mali ya umma. Sheria namba 5092 ya 2024 inataka angalau nusu ya eneo lililokodishwa libaki bila viti na miavuli, na viti vikae mita 4 kutoka kwenye maji. Mkitandika taulo kwenye ule ukanda wa mita 4 hakuna wa kuwatoa. Anayewasumbua mnaweza kumshtaki kupitia programu ya serikali iitwayo MyCoast. Mwavuli wenu uwe na skurubu ya kuchimbia. Ule wa kuchomeka tu, meltemi itaufanya mkuki.

---

Bi_Kizimkazi

Swali la mwisho kutoka kwangu. Miiba. Huku tunajua nungubahari, huko wapo?

---

NahodhaMstaafu

Wapo, wale weusi wa miiba, kwenye mawe tu. Mchangani hawakai. Viatu vya maji vyenye soli ngumu, si soksi za mpira. Ukichomwa usiminye, miiba inakatika ndani. Loweka kwa maji ya moto, toa kwa kibano kile kinachojitokeza, kilichozama kabisa mwachie daktari.

Wa mchangani ni mwingine, samaki mdogo anayejifukia kwenye maji ya magotini, Wagiriki wanamwita drakena. Miiba yake ya mgongoni ina sumu, maumivu yake ni makali mno kwa saa ya kwanza. Dawa ni maji ya moto kadiri ngozi inavyostahimili bila kuungua, nyuzi 40 hadi 45, mguu ukae humo nusu saa hadi saa moja na nusu. Aliyechomwa asipime joto kwa mguu wenye maumivu, maana hausikii sawasawa, mwingine apime kwa mkono wake. Uso ukivimba au pumzi ikibana ni 112 mara moja. Mkahawa wowote ufukweni utakupa ndoo na maji ya moto ukiwaambia "drakena" na kuonyesha mguu.